Kitambulisho Ni Bure, Nauli Ndiyo Ghali

Kujiandikisha Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) kwa mara ya kwanza hakuna ada. Picha haiuzwi na alama za vidole haziuzwi. Hata hivyo muulize baba wa Kaoze kwa nini mpaka leo laini yake ya simu iko kwa jina la shemeji, atakujibu habari ya nauli. Kaoze iko chini, Bonde la Ziwa Rukwa, na ofisi nyingi ziko juu. Ziwa liko kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, Sumbawanga mjini ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na katikati umesimama ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Karatasi ya bure iko upande wa pili wa ukuta huo.

Kwa hiyo mbinu ninazozieleza hapa zinaanza na safari, fomu inafuata. Baba mwenye kipato kidogo hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa kitambulisho. Ameshausikia kwenye kila mkutano wa kijiji. Kinachomshinda ni kupanda mlima mara tatu kwa jambo la mara moja. Safari ya kwanza amesahau karatasi, ya pili mtandao hakuna, ya tatu mashine imegoma kusoma vidole. Kila safari inakula nauli, chakula cha mjini na siku ya kibarua. Wengi hukata tamaa baada ya safari ya pili, na siwalaumu.

Kwanza hakikisha kama unahitaji kupanda

Kuna wanaume waliopigwa picha miaka iliyopita, wakati timu za NIDA zilipopita vijijini, wakasubiri, wakasahau. Namba zao zilishatoka zamani. Piga *152*00# kwenye simu yoyote, fuata sehemu ya ajira na utambuzi, kisha NIDA, ujaze majina na tarehe ya kuzaliwa kama ulivyoyatoa siku ile. Ikikubali utapewa namba yenye tarakimu 20. Tazama nane za mwanzo: ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zikitofautiana na vyeti vyako vingine, umegundua kosa ukiwa bado nyumbani, kabla halijakusumbua benki.

Baada ya hapo nenda kwa mtendaji wa kata uulize habari ya kadi zenyewe. Vitambulisho vingi vilishushwa kwenye ofisi za kata na vijiji, vikakaa kwenye maboksi kwa sababu wenyewe walikuwa shamba, ziwani au wamehama. Mwanzoni mwa 2025 serikali ilitangaza kuwa wanaoitwa kuchukua kadi zao na wasiende, namba zao zitasitishwa kutumika. Usisubiri laini ifungwe ndipo ukumbuke boksi. Na kama kadi uliyonayo ina tarehe ya mwisho iliyopita, usiitupe wala usipande basi kwa ajili hiyo. Mwaka 2023 serikali iliondoa ukomo huo na kadi zile zinaendelea kutumika.

Kama kweli hujawahi kuandikishwa, bado kuna swali moja la kumuuliza mtendaji: je, maofisa waandikishaji wanashuka lini bondeni? Huenda wana ratiba. Na kama hawana, hapo ndipo umoja wa akina baba unapofaa kitu. Mwenyekiti wa kitongoji aorodheshe wasio na namba, orodha za vijiji vyote zikusanywe kata, na barua iende kwa ofisa usajili wa NIDA wa wilaya, diwani akiwa na nakala. Ofisa huyo naye ana bajeti ya mafuta. Orodha ya watu mia wenye karatasi tayari inampa sababu ya kushusha gari. Malalamiko ya jumla kwamba "wananchi wanateseka" hayampi.

Karatasi

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo tukae kidogo.

NIDA wanataka mambo matatu yathibitishwe: kwamba wewe ni raia, kwamba umri wako ni huo unaousema (uwe umetimiza miaka 18), na kwamba unaishi pale unapodai. Hakuna karatasi moja inayobeba yote matatu, ndiyo maana mtu mwenye cheti kizuri cha kuzaliwa bado hurudishwa kwa kukosa barua ya kijiji. Cheti cha kuzaliwa kinatangulia. Kinasaidiwa na cheti cha darasa la saba au cha sekondari, kadi ya mpiga kura, leseni, pasipoti. Makazi yanathibitishwa na barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, na fomu yenyewe lazima igongwe muhuri na serikali ya kijiji. Chukua na namba za NIDA za wazazi wako kama wanazo. Mtu mzima wa miaka hamsini mwenye cheti cha darasa la saba na kadi ya kura husikilizwa. Kijana asitegemee huruma hiyo, atadaiwa cheti cha kuzaliwa.

Sasa, wengi wetu huku tulizaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi, na RITA, wanaosajili vizazi, hawakupewa taarifa. Lakini huku kwetu Ufipa kuna hazina ambayo mikoa mingine haina kwa kiwango hiki: vitabu vya ubatizo. Wamisionari wa Afrika, wale mapadre weupe, walifika Karema mwaka 1885, na tangu hapo parokia za huku zimekuwa zikiandika nani kazaliwa lini, wa baba gani na mama gani. Kama ulibatizwa utotoni, nenda parokiani uombe cheti cha ubatizo kilichonakiliwa kutoka kitabuni. Hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa, ila ni ushahidi mzito unapoomba kusajiliwa kwa kuchelewa, kwa sababu kiliandikwa wakati hakuna aliyewaza kuomba mkopo wala ajira. Kadi ya kliniki ya zamani na rejesta ya shule ya msingi zinafanya kazi hiyo hiyo. Mwalimu mkuu anaweza kukuandikia barua inayotaja mwaka ulioandikishwa na tarehe ya kuzaliwa iliyomo kwenye rejesta.

Maombi ya cheti cha mtu mzima yanakwenda kwa msajili wa wilaya, kwenye ofisi za Mkuu wa Wilaya. Huko kuna ada. Kuanzia hapa shika kanuni moja ya fedha: malipo halali ya serikali yana kontroo namba, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukiambiwa utoe hela na hakuna kontroo namba, hilo si deni lako. Barua ya utambulisho nayo haina bei. Mtendaji akikuomba "mchango wa wino", mwombe stakabadhi kwa upole. Mara nyingi wino hupatikana. Akishikilia, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Majina. Ukitoka na vyeti vitatu vyenye majina matatu tofauti, umebeba matatizo matatu. Shuleni uliandikwa Silvesta, parokiani Sylvester, kwenye kadi ya kura mwandishi akaruka jina la babu. Weka vyeti vyote mezani siku kadhaa kabla, uamue jina moja utakalolibeba maisha yako yote. Ushauri wangu ni kufuata cheti cha shule, kwa kuwa ndicho kigumu kuliko vyote kukibadilisha. Tofauti ndogo ieleze kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili, kinachosema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na kiapo hicho kipande na wewe. Kukipata kabla ya safari ni nafuu kuliko kukitafuta ukiwa umeshafika dirishani.

Mipaka ya utawala nayo inachanganya watu. Mkoa wa Rukwa ulianza mwaka 1974, na mwaka 2012 Mpanda ikatoka kwenda kuwa Katavi. Mwaka huo huo Kalambo ilitoka ndani ya Sumbawanga, na ng'ambo ya Mto Momba wilaya ya Momba ikatoka Mbozi. Halafu 2016 eneo lile lote likahama kutoka Mbeya kuwa Songwe. Kwa hiyo baba aliyezaliwa Kamsamba ana cheti kinachosema Mbozi, Mbeya, wakati leo ni Momba, Songwe. Cheti hakijakosewa. Usikifute, usikiandike juu kwa kalamu. Mwambie ofisa kijiji na kata, naye atajua kiko wapi leo.

Kuna watakaoulizwa zaidi ya wengine, na ni vizuri wajue mapema ili wasione wanaonewa. Rukwa inapakana na Zambia, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo. Walungu na Wamambwe wana ndugu pande zote za mpaka. Ofisa wa Uhamiaji anaweza kukuuliza babu na bibi zako walizaliwa wapi, pande zote mbili. Kaa na wazee jioni moja uandike majina yao, vijiji vyao na walikozikwa. Wasukuma walioshuka bondeni na ng'ombe wao nao wana tatizo la aina nyingine: mtendaji wa hapa hawezi kuthibitisha utoto wako ambao hakuushuhudia. Leta barua kutoka kijiji ulichotoka. Ndugu aliyebaki kule anaweza kuifuatilia na kuituma kwa basi, nawe hutalipa nauli ya kwenda Tabora au Shinyanga.

Ukishakamilisha, toa nakala za kila kitu. Steshenari za mjini hupandisha bei kwa mtu mwenye haraka.

Siku ya kupanda

Njia za kutoka Kaoze ni tatu. Unaweza kwenda Ilemba ukapanda mlima kwa barabara ya Kalambanzite. Unaweza kuambaa na bonde kupitia Mtowisa hadi Muze, ukapandia Ntendo. Au unateremka upande wa pili kwenda Kilyamatundu, unavuka daraja la Momba, unatokea Kamsamba hadi Mlowo. Hii ya tatu inafaa kwa mwenye shughuli Songwe au Mbeya, haikufikishi kwenye ofisi zako za Rukwa. Kabla hujachagua, mpigie mtu aliyepita jana. Masika yakikolea, kati ya Desemba na Aprili, barabara ya mlimani inaweza kuwa nzuri asubuhi na kufungwa jioni, na mtu aliyebajeti siku mbili akajikuta anakula mjini siku tano.

Wakati mzuri ni baada ya mavuno, Mei hadi Agosti. Barabara imekauka na mpunga umeuzwa, kwa hiyo hela ipo. Siku za mnada magari huongezeka na nauli hupata ushindani, lakini hesabu siku: mnada ukiwa Jumamosi, gari lake halikusaidii kitu, ofisi zimefungwa. Panga ufike mjini Jumatatu au Jumanne, ili kama kuna kilichokwama, wiki bado inayo siku za kukikwamua.

Niseme wazi kuhusu lori. Najua mwenye Fuso la mpunga anakuchukua kwa bei ndogo, unakaa juu ya magunia unatazama bonde lote. Kupanda ukingo ule juu ya mzigo ni kuweka familia rehani kwa tofauti ya shilingi elfu chache, na bima haimtambui mtu aliyekaa juu ya magunia. Kama hela ni ndogo, afadhali akina baba wanane wakodi Noah kwa pamoja, wakubaliane bei ya kwenda na kurudi kabla hawajapanda, walipe nusu asubuhi na nusu wakirudi. Dereva aliyelipwa yote asubuhi huwa na dharura nyingi mchana.

Kwenye lami, basi kubwa lina nauli iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Viwango vilivyotangazwa Desemba 2023 kwa daraja la kawaida vilikuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita. Sumbawanga hadi Tunduma ni kilomita 224 hivi. Zidisha, utapata kama 10,860. Ukitajiwa 15,000 kwa basi la kawaida, omba tiketi iliyoandikwa kiasi hicho kabla hujatoa hela. Namba za bure za LATRA hubandikwa ndani ya basi. Barabara za vumbi za bondeni hesabu yake ni nyingine, na huko kwa kweli bei huamuliwa na matope.

Bajeti ya safari iandike kwenye karatasi: nauli kwenda, nauli kurudi, milo, malazi ya usiku mmoja, nakala na picha, na akiba ya siku moja ya ziada. Nauli ya kurudi itenganishe, ikae mfuko mwingine au ibaki kwa mama watoto akutumie. Mjini hela zina miguu.

Vidole vinahitaji maandalizi, na hili halisemwi vya kutosha. Jembe, matofali, saruji na kamba za nyavu hula mistari ya vidole mpaka mashine haioni kitu. Wiki moja kabla, kama unaweza, pumzisha mikono na kazi ya saruji na chokaa. Kila usiku paka mafuta mazito ya kujipaka, ukilala yakae. Asubuhi ya siku yenyewe nawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha vizuri, usipake kitu tena, maana kidole chenye mafuta nacho hakisomeki. Kidole chenye jeraha mwonyeshe ofisa kabla hajaanza.

Vaa shati la rangi iliyokolea. Nyeupe, kijivu na bluu ya kupauka hupotea kwenye picha. Halafu beba sweta, tafadhali. Watu wa bondeni hupanda Juni na fulana moja, wanafika Sumbawanga alfajiri meno yanagongana, na picha yao ya maisha yote inatoka na sura ya mtu aliyefiwa.

Fika ofisini kabla haijafunguliwa. Ukimaliza usiondoke bila kusoma ulichoandikiwa kwenye kompyuta: mwombe ofisa akuonyeshe jina, tarehe na kijiji. Kosa likionekana pale, linafutwa kwa sekunde moja. Ukiligundua ukiwa Kaoze, unalipanda mlima tena, safari hii ukiwa na kiapo na ada.

Namba ikishatoka

Huna haja ya kusubiri kadi ngumu. Namba pamoja na vidole vyako inatosha kusajili laini. Hili ndilo la kwanza kulifanya, na sababu yake ina historia. Serikali ilipotaka laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole, mwisho ukiwa 20 Januari 2020, wengi wasio na namba walitumia vidole vya ndugu ili simu isizimwe. Tangu siku hiyo hela ya mpunga wako inakaa kwenye akaunti ambayo kisheria ni ya shemeji. Mkigombana, akihama, au simu ikaibwa, huwezi kurudisha laini yako mwenyewe. Chukua laini mpya kwa jina lako, hamisha hela, watangazie watu namba.

Ya pili ni daftari la wakulima katika ofisi ya kijiji. Mpango wa mbolea ya ruzuku ulizinduliwa Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, na mkulima anauingia kwa kuandikishwa kijijini kwake, kwa jina, shamba na namba ya simu. Taarifa zako zikifungwa kwenye simu ya mtu mwingine, ujumbe wa mbolea utasomwa na huyo mtu.

Ya tatu ni watoto. Habari njema ni kwamba hapa hupandi mlima. Mtoto wa chini ya miaka mitano anasajiliwa na kupewa cheti bila malipo kwenye kituo cha kutolea huduma za afya au ofisi ya mtendaji wa kata. Nenda na kadi ya kliniki na namba yako. Kama hamjafunga ndoa, njia isiyo na mgogoro ni kwenda wote wawili, baba na mama, mkubaliane mbele ya msajili jina la baba liandikwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake, na jina lililomo kwenye rejesta ya vizazi ni mojawapo ya ushahidi wa nani ni baba. Cheti hicho kitaulizwa tena miaka kumi na tisa mbele, mtoto akiomba mkopo wa elimu ya juu, maana Bodi ya Mikopo hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA. Mtoto akishapita miaka mitano, usajili una ada na mlolongo. Kwa hiyo hesabu miaka ya mtoto wako wa mwisho leo hii.

Pikipiki kama kazi

Wapo wanaotaka kitambulisho kwa sababu wanataka leseni, na leseni kwa sababu bodaboda ndiyo usafiri wa bonde. Hapa nitapita haraka. Unahitaji namba ya NIDA, namba ya mlipakodi (TIN, haina malipo), mafunzo kwenye chuo cha udereva kinachotambuliwa, VETA kikiwamo, kisha jaribio la polisi. Leseni yenyewe nayo ina ada. Faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000, nayo hulipwa kwa kontroo namba, hailipwi mkononi mwa mtu.

Mkataba ndio wa kuuangalia kwa macho mawili. Tuseme tajiri anakupa pikipiki kwa hesabu ya 8,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima, halafu inakuwa yako. Siku 312 mara 8,000 ni 2,496,000. Nenda dukani uulize pikipiki hiyo hiyo kwa taslimu ni kiasi gani, uone unalipia nini. Kisha dai mambo haya yaandikwe: nani anatengeneza injini ikifa, itakuwaje siku ambazo barabara imefungwa na matope (mkataba uliotungwa kwa lami ya mjini utakuua Februari), na lini hasa kadi ya pikipiki inahamishiwa jina lako TRA. Kila hesabu itume kwa simu, usitoe mkononi, ili ujumbe wa muamala uwe risiti yako. Mashahidi wawili, muhuri wa kijiji.

Mke akishikwa uchungu usiku

Mambo ya usafiri hayana lililo zito kuliko hili, na hapa huhitaji kitambulisho wala hela. Piga 115. Ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura ambao Rais Samia aliuzindua kitaifa Aprili 2022. Unamhusu mjamzito mwenye dharura, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga wa ndani ya siku 28. Anayepokea anauliza dalili, anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo anamwita dereva wa jamii aliyeandikishwa, ambaye analipwa na mfumo. Mara nyingi wito huanzia zahanati, kwa hiyo hata ukiwa umefikisha mgonjwa zahanati, mkumbushe mhudumu apige.

Baba ana kazi yake kabla ya usiku huo. Andika 115 ukutani. Jua jina la kijiji na kitongoji kama wageni wanavyovijua, si "kule kwa mzee fulani". Uliza mapema ni dereva gani wa karibu aliyeandikishwa. Mwezi wa mwisho wa ujauzito ukiangukia masika, fikirieni mama kuhamia kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya kabla mito haijajaa.

Kuitunza kadi

Kadi iwekwe kwenye nailoni, ikae nyumbani. Tembea na nakala, na picha yake iwe kwenye simu yako na ya mkeo. Usimwachie mkopeshaji. Wale wa kausha damu, mikopo ya riba kubwa, hupenda kushika kitambulisho na kadi ya benki kama dhamana, na mtu anajikuta hawezi hata kurudisha laini iliyopotea kwa sababu ya deni la elfu hamsini. Piga *106# mara kwa mara uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa wakala wa mtandao huo na uifute kabla haijatumika kutapeli watu, kwani polisi watakuja kwako.

Ikipotea, anza kituo cha polisi upate taarifa ya upotevu, kisha NIDA, ambako kupata nyingine kumekuwa kukitozwa shilingi 20,000 kwa kontroo namba. Kontroo namba unaweza kuilipia kwa simu, bila kutembea na hela mfukoni. Na wakati unasubiri kadi mpya, namba yako ya tarakimu 20 inaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa hiyo iandike mahali, hata kwenye jalada la ndani la daftari la shule la mtoto.